Dawson Yupi?

Kuna siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu Faustin, na leo nitakusimulia kwa sababu mtoto wako bado hana jina na watu wa pande zote mbili wameanza kuninunia. Najua mama mkwe hamketishi mkwewe akamsemesha namna hii. Ningependa akueleze Vero, mama yako mzazi. Lakini Vero tulimzika msimu wa mvua uliopita, na maisha yake yote alikataa kulizungumza tena jambo hili, hata na mimi jirani yake wa ukuta kwa ukuta hapa mtaani Saio. Limebaki kwangu, nami nimechoka kulibeba peke yangu. Keti basi. Chai ipo, sukari ndiyo haipo.

Jana hapa barazani nilisikiliza mpaka kichwa kikaniuma. Watu wa baba yako wanataka mtoto apewe jina la babu yao. Watu wa mume wangu nao wanataka la kwao. Na kila moja la majina hayo, mtu akilisikia tu, anajua huyu ni mtoto wa upande gani, na katika Ituri yetu weye unajua kujulikana huko kunaweza kumfikisha mtu wapi. Weye ukasema: "Mama, tumuite tu Dawson. Hii jina haiko na kabila. Kesho mambo ikiharibika tena, mutoto atapita."

Wote wakapumua. Binti yangu alikutazama kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi peke yangu nikauliza, "Dawson yupi?" Ukacheka, ukadhani mama mkwe ameanza kuzeeka. Sikukasirika, maana ni kweli nazeeka, lakini swali lilikuwa swali.

Kwetu jina haliokotwi njiani. Mtoto hupewa jina la mtu, na mtu huyo anakuwa ndoyi wake, somo wake, na hao wawili wanaheshimiana mpaka kufa. Ndoyi hampigi ndoyi wake. Wakikutana mara ya kwanza, lazima mkubwa ampe mdogo kitu, hata kiwe pipi, na mdogo akiwa ndiye mwenye nacho, basi mkubwa ana haki ya kudai. Ninyi vijana mila hii mnaifanyia mchezo siku hizi, mnadaiana soda. Sisi tuliishika. Ndiyo maana nilikuuliza. Dawson ninaowajua ni wengi, na wengine nisingependa mjukuu wangu awe ndoyi wao.

Wa kwanza alikuwa Mademoiselle Dawson, Mwingereza, muuguzi wa misheni karibu na kijiji chetu kule Djugu. Hilo lilikuwa jina la ukoo wake. Lake mwenyewe hatukulijua kamwe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hasira za haraka. Akimwona mjamzito amebeba kuni alishuka kwenye baiskeli yake na kumpigia kelele mumewe mbele ya watu. Alizalisha karibu watoto wote wa rika langu, mimi mmoja wao, na akina mama wakawapa watoto jina lake, wavulana kwa wasichana. Kila aliyepewa jina hilo alimfumia sweta ya sufu, kwa maana mambo ya ndoyi aliyaelewa vizuri kuliko hata Kiswahili. Ukimwona mtoto sokoni anatokwa jasho ndani ya sweta, ulijua huyo ni Dawson. Wakati wa Zaïre majina ya kizungu yalipokatazwa, shuleni waliandikwa majina mengine, nyumbani wakabaki walivyokuwa.

Mwanangu wa kwanza nami nilimpa jina hilo, ingawa Mademoiselle alikuwa amesharudi kwao. Shemeji yako unamjua. Yuko Bambu anachimba dhahabu, na hukumbuka kwamba ana mama anaposhikwa na malaria. Nampenda, ni damu yangu, lakini kama ni yeye uliyemfikiria, tafadhali fikiria tena.

Halafu alikuwepo Papa Dawson wa Iga Barrière, kwenye barabara ya kuja Bunia. Jina lake hasa lilikuwa Ramazani, Mwislamu, baba yake alitoka Maniema kutafuta dhahabu. Naye katika ujana wake alichimba, mpaka udongo ulipomporomokea mguu. Mademoiselle aliuguza mguu ule kwa miezi, ukapona, ukabaki mfupi kidogo. Alipofungua duka la chumvi na sabuni aliandika ubaoni Chez Dawson, yaani kwa Dawson, iwe shukrani yake, na kabla hujajua kila mtu anamwita yeye mwenyewe Dawson. Hakukataa. Alikuwa mbishi wa bei, mzee yule, tena mwenye maneno. Mimi na Vero tulipanga nyumba nyuma ya duka lake, tukawa tunagombana naye kila siku juu ya vipimo vya chumvi.

Kisha vita vikaja. Sitakueleza nani alianza. Hapa Bunia kila mtu ana maelezo yake na yote yamenichosha. Asubuhi ile watu wa Iga walianza kuondoka, nasi tukashika njia ya Bunia, ambako waume zetu walikuwa wametangulia kutafuta vyumba. Mwanangu Dawson nilimbeba mgongoni. Vero alikuwa na mimba kubwa, anatembea ameshika kiuno. Papa Dawson alikuja na fimbo yake na mfuko mdogo, anachechemea, anatukemea tukichelewa.

Tulikuta mti umelazwa barabarani na vijana wenye silaha wamesimama. Nguo zao hazikukuambia ni wa upande upi. Waliuliza kila mtu jina lake na la baba yake. Wengine waliambiwa wapite, wengine waliambiwa wakae chini kwenye majani kando ya njia, na waliokaa kwenye majani hawakuwa wakinyanyuka. Mimi ni mtoto wa pande mbili, Faustin, kama atakavyokuwa mtoto wako. Baba yangu wa huku, mama yangu wa kule. Sikujua jina lipi niseme na lipi nimeze.

Mtoto wangu mgongoni akaanza kulia. Kijana aliyekuwa mbele yangu, hata ndevu hana, akasema nimnyamazishe. Nikamtikisa mgongoni: "Dawson, nyamaza. Dawson!"

Kijana akanisogelea. "Ulisema anaitwaka nani?"

"Dawson."

Akatabasamu, na Faustin, lile tabasamu lilikuwa la mtoto kabisa, mpaka leo linanisumbua. "Miye pia naitwaka Dawson. Mama yangu alizalishwa kwa ule muzungu." Akatia mkono mfukoni, akatoa biskuti, akampa ndoyi wake. Jina langu hakuniuliza. Papa Dawson akadakia hapo hapo: "Na miye niko Dawson wa tatu, unanijua, ulikuwa unakula pipi zangu." Kijana akacheka, akatupungia mkono tupite.

Tukapita. Vero alikuwa nyuma yetu. Aliulizwa, akajibu kweli, na kweli yake siku ile ilikuwa mbaya. Nilisikia mtu akisema, "Weye, kaa chini." Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka na sisi tutaitwa.

Tulipofika kwenye kona, mti ule hauonekani tena, nikaanza kulia na kushukuru kwa sauti. Namshukuru Mungu nilimpa mtoto jina hili, nikasema, jina hili limetuokoa. Papa Dawson akasimama. Alikuwa amechoka, anapumua kwa shida, mguu umemvimba. Akanikazia macho kama anavyomkazia mtu aliyetaka kumpunja dukani.

"Unashukuru nini?" akasema. "Jina imepitisha weye. Ya Vero iko wapi?"

Nilimwambia hatuna la kufanya, wana bunduki. Akasema hilo analijua, ana macho. Kisha akanyoosha kofia yake kichwani na kusema, "Ndoyi yangu alipatia mutoto biskuti. Miye hajanipatia kitu." Akageuka akarudi kule tulikotoka, polepole, kwa fimbo yake.

Nikamngoja pale kwenye kona. Hapo ndipo ujana wangu ulipoishia, mwanangu, nikiwa nimekaa kwenye jiwe, mtoto anakula biskuti. Baadaye nikaona mtu anakuja, ameshika kiuno. Alikuwa Vero, peke yake, na mkononi ana kofia ya Papa Dawson.

Alinieleza tukiwa tunatembea, na hakunieleza tena baada ya siku ile. Mzee alimwendea yule kijana, akamwambia mbele ya wenzake kwamba ndoyi wake hajampa zawadi, na yeye anaidai. Wakacheka. Wakamuuliza anataka nini, chumvi? Akamwonyesha Vero kwenye majani. "Nataka huyu mama na tumbo yake." Kicheko kikaisha. Mkubwa wao akasema: "Sawa, akuende. Lakini weye utaikala fasi yake." Kijana Dawson akainamisha kichwa. Papa Dawson akampa Vero mkono akamnyanyua, akamwachia kofia, akaketi pale alipomnyanyua.

"Aliikala fasi yangu," Vero alisema. Ni hayo tu.

Papa Dawson hakufika Bunia. Tuliuliza msikitini, tuliuliza kwa kila aliyetoka njia ile. Hatukumzika. Yule kijana sikumwona tena, ingawa kila nikipanda pikipiki ya mwanamume wa umri wake namtazama mara mbili. Na Vero akazaa mtoto wa kiume hapa Saio, ndani ya chumba cha kukopa. Mtoto huyo ni weye.

Najua. Kunywa chai yako kwanza.

Nilimwambia Vero, huyu ni Dawson, hata si jambo la kuuliza. Akakataa. "Nitaita hiyo jina kila asubuhi namna gani?" Akakuita Faustin, jina ambalo hakulitoa kwa mtu yeyote. Usimlaumu. Kofia aliihifadhi. Iko kwangu, alinipa kabla hajafa, na imefungwa ndani ya kitenge kile cha kijani juu ya kabati. Utaichukua ukitoka.

Sasa sikiliza, maana pumzi yangu si ya kuhubiri mara mbili. Ulisema jina hili halina kabila, mtoto atapita. Siwezi kukuambia mambo hayataharibika tena. Ukienda nje kidogo ya mji unaona kambi, watu wa mashambani wamekaa chini ya maturubai, na mimi nimeshachoka kuwaambia vijana kwamba kesho itakuwa nzuri. Ni haki yako kutaka mwanao apite. Mzazi gani hataki? Lakini usimpe jina kama mtu anavyompa mtoto shimo la kujificha. Shimo lina nafasi ya mmoja. Siku ile palikuwa na Dawson watatu pale barabarani. Mmoja alishika bunduki, mwingine alikula biskuti, na jina lilikuwa lile lile. Jina peke yake halikufanya kitu. Aliyekutoa weye kwenye majani yale ni mzee mwenye kuchechemea aliyekuwa ameshapita, akarudi.

Na wale wazee wa pande zote mbili wanaonuna, waambie umepata jina na lina mwenyewe. Wakikuuliza ni wa ukoo upi, waambie ni wa Mwingereza aliyewafumia sweta, na wa Mwislamu wa Maniema aliyeuza chumvi Iga. Waache walipigie hesabu wenyewe.

Mpe mtoto jina hilo. Mwite Dawson, na siku atakapokuuliza ndoyi wake ni nani, usiseme "ni jina tu." Mvalishe ile kofia hata kama itamfunika macho, umwambie habari yote kama nilivyokuambia, usiifupishe. Mfundishe kwamba akipita mahali pagumu, kabla hajashukuru, ageuke atazame nani amebaki nyuma. Simwombei akae chini mahali pa mtu. Uzito huo sitaki aubebe mtoto yeyote wa nyumba hii. Namwombea asiukute kamwe mti uliolazwa njiani, asiulizwe jina lake na mtu mwenye silaha, azeeke ana duka lake, anabishana na wanawake juu ya vipimo vya chumvi.

Mungu amlinde, yeye na mama yake. Akulinde na weye, zawadi ya Papa Dawson. Nenda sasa, shusha kile kitenge cha kijani kabatini. Mimi siwezi tena kunyoosha mkono juu.