Tumbo Langu Laenda Ukweni Butere

Nilikwenda Butere kuonwa. Kwa akina Awinja, mchumba wangu, mwanamume hatumi wazee wake kuzungumza habari za ndoa kabla hajaenda mwenyewe, akakaa, akala, akaulizwa maswali, akapimwa kwa macho. Kwa watu wengine hiyo ni safari ya furaha. Mimi nilikuwa na tumbo.

Nilieleze mapema, maana ninyi wa Voi mmeshabahatisha vya kutosha. Miaka minane sasa tumbo langu huamka linapotaka, hunguruma mbele za watu, na likiniita sina muda wa kuaga. Nimepimwa kila kipimo. Daktari wa mwisho alisema haliui wala haliambukizi, ila haliondoki, nijifunze kuishi nalo. Mtaani mlikuwa na majibu ya haraka zaidi. Wengine mlisema nimelogwa, wengine mkasema ni "ule ugonjwa", na jirani yangu mmoja, anajijua, akaacha kunywea kikombe changu. Nilipokwenda kuposa Wundanyi miaka mitatu iliyopita, shangazi wa msichana alihesabu mara nilizoinuka. Alipofika tano, uchumba ukaisha. Nililia, na sioni haya kusema.

Mimi ni fundi cherehani, na nikitafuta chumba cha duka hutazama choo kwanza, wateja baadaye. Awinja alikuwa mwalimu hapa kabla ya kuhamishiwa Kakamega. Siku ya kwanza alikuja kushonewa sketi akakuta nimefunga. Akangoja. Niliporudi aliniuliza, "Tumbo?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua imenyesha. Nikasema ndiyo. Akanipa kitambaa chake na mambo yakaanzia hapo. Sasa nilijua jambo moja: familia yake ikinikataa kama ile ya Wundanyi, sitakwenda kuposa tena popote.

Alhamisi asubuhi nilipanda treni Voi. Niliipendea treni sababu moja ambayo haimo katika matangazo yake: ina choo, na choo hicho husafiri pamoja nawe. Nilikitembelea mara mbili, mara ya pili kwa heshima tu. Nairobi nililala kwa binamu yangu, nikala viazi viwili vya kuchemsha. Aliniuliza kama nimeokoka.

Ijumaa, alfajiri, basi la Kakamega. Nilikata tiketi ya kiti cha karibu na mlango na sikunywa hata maji. Hadi Nakuru tulikuwa marafiki, mimi na tumbo. Baada ya Kericho, kwenye ule mteremko wa majani chai, likaanza kuuliza maswali. Kondakta akasimama akatangaza, "Kuna mtu anataka kuchimba dawa?" Watu wakatazama madirishani kana kwamba wamekatiwa tiketi ya kutazama chai. Nami nikaona bora kusema uongo kuliko kupatwa na ukweli. "Kuna mama mmoja huku nyuma anaomba," nikasema, "ila anaona haya."

Basi liliposimama nilidhani nitashuka peke yangu. Walishuka watu kumi na mmoja, na wengi wao walikuwa wanakimbia. Mzee mmoja mwenye tai alinipita kasi. Tuliporudi kila mmoja akaketi na kutazama chai tena, na hakuna aliyemtafuta yule mama wa nyuma.

Jioni, tukikaribia mji wa Kakamega, abiria mwenzangu alinionyesha jiwe la Ilesi, lile refu lenye jingine juu yake kama kichwa, na maji yakilitiririkia. Watu husema linalia. Nililihurumia sana. Najua ilivyo kuwa na mwili unaotoa maji bila ruhusa yako, halafu wageni wakaja kukupiga picha.

Awinja alinipokea stendi, tukaenda Shirere anakopanga chumba katikati ya wanafunzi. Alinipikia wali mweupe usio na kitu, Mungu ambariki, kisha akaniketisha kama mtoto wa darasa la tatu.

"Nisikize. Kesho kuna mambo mawili. La kwanza, chakula. Ukikataa chakula kwetu umekataa watu. Hata kama huwezi, chovya."

"La pili?"

"Choo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatumiangi choo kimoja. Hawashikani mikono, hawakai karibu, hawasemezani uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Sasa wewe uingie choo cha mama kabla hata wazee wako hawajafika?"

"Na mkwe akibanwa?"

"Kuna miwa," akasema. "Shamba la baba linaanzia nyuma ya jikoni. Sema unapokea simu."

Nililala nikiwa nimetulia. Kila mtu anayekwenda ukweni ana mpango wake, na wangu ulikuwa miwa.

Jumamosi, saa nne, tulifika Butere. Kutoka barabarani ni mwendo mfupi kwa miguu hadi nyumbani kwao, nyumba ya mabati yenye sebule pana na jiko la udongo pembeni. Baba yake Awinja ni mzee mtaratibu aliyepalilia miwa maisha yake yote. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Mulembe," akasema, "hii ni nyumbani." Mama yake nilimwona kwa mbali tu, mlangoni mwa jiko, leso imefunika nusu ya uso, kama desturi inavyotaka. Aliyekaa katikati ya sebule ni Senge Rasoa. Senge ni shangazi, dada yake baba, na kwa mambo ya ndoa yeye ndiye mahakama. Nilipomwona nilimkumbuka yule wa Wundanyi, na tumbo nalo likamkumbuka.

Chai ikaja, maziwa matupu yaliyoonyeshwa majani. Maziwa na mimi ni vita. Nikasema nimefunga.

"Umefunga ya kanisa gani?" Senge akauliza.

"Ya… binafsi."

"Hiyo ya binafsi unafungua saa ngapi? Kuku imekufa kwa ajili yako."

Nikafungua papo hapo. Ikaletwa obusuma, ugali wa wimbi mweusi mzito, akaletwa ingokho, yaani kuku, mzima kwenye mchuzi, na mboga ya mrenda iliyolala kwenye maziwa tangu jana. Baba mwenyewe akaniwekea firigisi kwenye sahani. Pale kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, na akikupa wewe amekupa kiti chake. Ningewezaje kuchovya tu? Nilikula. Nilikula mpaka mrenda. Senge akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kumbe watu wa Taita wanajua chakula, na kwa nusu saa nilikuwa mkwe bora kuliko wote waliowahi kuketi pale.

Saa saba na kitu tumbo likaita. Nikatoa simu iliyozima, nikasema "Halo, halo, humu hakuna mtandao," nikatoka nikizunguka jiko kwa hatua za heshima. Nilipofika nyuma nikasimama. Hapakuwa na miwa. Palikuwa na visiki, ekari nzima ya visiki hadi kwa jirani, na ng'ombe mmoja akinitazama. Miwa ilikuwa imekatwa na kupelekwa kiwandani wiki hiyo hiyo. Awinja siku zote hizo alikuwa Shirere akisahihisha mitihani, na hakuna aliyefikiria kumpigia simu mtu wa Kakamega kumweleza habari za miwa.

Upande wa kulia palikuwa na shimo jipya lililochimbwa nusu. Upande wa kushoto, kando ya migomba, palikuwa na choo chenyewe. Desturi nilikuwa naiheshimu kwa moyo wote. Miguu haikuniuliza.

Nilipofungua mlango kutoka, mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu hatua tatu, kopo la maji mkononi. Katikati yetu palikuwa na jogoo mwekundu akichakura. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye ndiye aliyepaswa kugeuka na kukimbia, au mimi nirudi ndani, na nikaona kwa macho yake kwamba hawezi kurudi alikotoka. Macho yale nayajua. Nayaona kwenye kioo.

Akavuta leso akafunika uso wote, kisha akasema na jogoo.

"Wewe jogoo, ambia huyo mtu asogee. Mwenye anangoja hawezi kungoja."

Nikasogea. Nami nikaona ni adabu kujibu kwa njia ile ile.

"Jogoo, mwambie mama anisamehe."

"Jogoo," sauti ikatoka ndani, mlango ushafungwa, "mwambie hajaniona."

Nilirudi sebuleni, nikainuka tena baada ya dakika ishirini na tena baada ya hapo. Mara ya tatu Senge aliniwekea mkono mbele.

"Kijana, kaa. Mtu mwenye anaamka-amka wakati wa maneno ni mwongo ama ni mgonjwa. Hiyo simu nimeona imezima. Umekuwa ukienda wapi? Usiseme miwa. Miwa tumekata."

Awinja alitaka kusema, nikamzuia. Nilikuwa nimechoka. Miaka minane ya simu zilizozima inachosha kuliko ugonjwa wenyewe.

"Senge, nimeenda chooni," nikasema. "Nina ugonjwa wa tumbo. Ni wa siku nyingi na sitawaahidi kwamba utakwisha."

"Choo gani?"

Nikatazama upande wa migomba. Choo kilikuwa kimoja.

Senge akapiga mapaja kwa viganja. "Mumesikia? Ameingia choo ya mama mkwe. Wazee wake bado hawajakanyaga hapa, na yeye anaingia choo ya mama mkwe. Tena mwembamba hivyo. Ndugu yangu, mimi sioni ndoa hapa. Naona matanga."

Baba akatazama chini. Nilijua kinachofuata, nilikuwa nimekiona Wundanyi. Nikaanza kutafuta kofia yangu.

Ndipo mama akaja. Hakuingia sebuleni. Alisimama nje ya mlango, amenipa mgongo.

"Rasoa," akasema, "hata mimi nimemkuta hapo. Na sijakufa."

"Mama Awinja, wewe ulikuwa unaendaje huko?"

"Vile naendanga. Miaka kumi na mbili. Nikitoka kanisani katikati ya mahubiri munasema nimeenda kuangalia mtoto wa nani sijui. Nikitoka hapa munasema napalilia migomba. Nimewaacha museme. Huyo kijana amesema mbele ya watu kitu mimi nimeshindwa kuambia mwenye nyumba yangu. Mukimfukuza kwa sababu ya tumbo, munifukuze na mimi."

Senge kwa kweli alionekana mtu wa kuhurumiwa. Baba alimtazama mkewe mgongoni.

"Mimi nimeshangaa miaka hii yote," akasema polepole. "Huyu mama anapalilia migomba asubuhi, anapalilia jioni, na magugu hayaishi."

Senge ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka hadi akashika kiti. Mama naye mabega yakaanza kutikisika kule nje, na sikuweza kujua kama anacheka au analia; nadhani yote mawili. Baba hakucheka. Alinigeukia.

"Inaua?"

"Hapana, Baba."

"Inashika watu?"

"Hapana."

"Basi shida yetu ni choo," akasema. "Choo mimi naweza chimba. Hata nusu nimechimba."

Jumapili niliondoka. Mama alisimama mbali, kando ya migomba, na jogoo akiwa miguuni pake. Akamwambia kwa sauti ya kunifikia, "Jogoo, mwambie njiani asikunywe chai ya maziwa." Nikamwambia jogoo amjibu mama naye asinywe.

Nimerudi na jambo moja tu nililojifunza, na ninawaandikia kwa sababu yake. Nilidhani dunia imegawanyika, upande mmoja mimi, upande mwingine watu wenye matumbo mazima wakinihesabu. Sasa najua kuna mama wa migomba na mzee mwenye tai, na kila mmoja anangoja mwingine amwambie kondakta. Tangu nirudi, nikifunga duka naandika mlangoni kwa chaki: NIKO CHOONI, TUMBO. Wateja wanangoja. Wawili wameniuliza kwa kunong'ona daktari wangu ni yupi, mmoja wao akiwa yule jirani wa kikombe.

Wiki iliyopita Awinja alikuja Voi. Alifungua ncha ya leso ya mama yake akatoa ufunguo wa kufuli, mpya.

"Choo chako kimeisha," akasema. "Mlango umetazama upande mwingine, hamtaonana. Mama anasema usipoteze, ufunguo ni huo mmoja."

Niliutunga kwenye uzi wa cherehani nikauvaa shingoni. Awinja akaendelea kwamba wazee wangu wanangojwa mwezi ujao, na baba ameshachagua wa kuchinjwa, yule jogoo mwekundu, kwa kuwa ndiye mnono.

Nilimwomba apige simu saa ile ile. Wachinje yeyote wanayetaka, lakini siyo yule. Mimi na mama bado tuna mengi ya kuzungumza.