Nilivyojitungia mwisho wa series ya petrol station ya angani, Achieng akahama Woodley

Niaje wakuu. Shikeni chai, hii si ndefu. Yote yalitokea, hata pale ninapojiaibisha.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa college hapo town, tunaishi mtaa wa Woodley. TV yetu ilishika stesheni tatu, na moja ilionyesha mvua tu.

Lakini Auntie Wambui, dadake mamangu, alikuwa na dishi kwake Muthangari. Kwenye hilo dishi kulikuwa na chaneli ya science fiction, asubuhi hadi asubuhi. Mimi nilikuwa nimefika mbinguni bila kufa.

Tuseme ukweli, mwanzoni chaneli yenyewe ilikuwa hoi. Ilikuwa ni marudio ya series za kitambo na madude ya mpira ambayo unaona zipu mgongoni.

Halafu wakaanza kutengeneza filamu zao. Za bei ya chini kabisa! Kila wikendi kuna mnyama anakula mji. Kuna siku nilitazama mbu mkubwa kama lori, na sijutii.

Chaneli ilikua vile kioski hukua. Unaanza kwa kuuza mkate wa wengine, siku moja unaweka jiko lako na kupika chapati. Mwaka wa kwanza zinaungua.

Chapati yao ilikubali siku walipoleta ile series original ya petrol station. Iko mbali huko angani, na vyombo vyote vinapita hapo kujaza mafuta. Captain ni mama mmoja mkali ambaye aliwaacha watoto wake wawili duniani ili aje kazini. Sikuwa nimewahi kuona watu wa angani wakigombania zamu ya kuosha sahani. Hapo nikajua hawa watu sasa wana waandishi wa kweli.

Nilikuwa narekodi kila episode kwa deki ya Auntie, kwa kanda nilizonunua Ngara, kisha napeleka Woodley kwa jirani yetu Baba Achieng, mwenye deki yake pia.

Baba Achieng alikuwa karani kwa ofisi moja ya serikali. Mzee mpole, hana mchezo na series yake. Watoto wakipiga kelele anatoa kiatu.

Na sasa wakuu nitoboe siri. Mimi pia nilipenda series, lakini nilimpenda Achieng, binti ya mzee, zaidi. Alikuwa hata haitazami. Alikuwa anapita na chai, ananiuliza, "Bado mnatazama hao watu wa mafuta?" Mimi nafurahi wiki nzima.

Basi Baba Achieng akapata transfer ya Kitale. Mpango ulikuwa aende peke yake, familia ibaki Woodley, awe anakuja likizo. Safari ni Jumapili. Finale ya season ni Jumamosi mchana, na swali ni moja tu: captain atarudi kwa watoto wake ama atabaki kazini?

Mzee akaniambia, "Kijana, mimi siendi Kitale na hiyo maswali kwa kichwa."

Nikamwahidi. Nani angekataa? Huyo alikuwa baba mkwe wangu mtarajiwa, ingawa hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Jumamosi saa nane nikaweka kanda, taa nyekundu ya deki ikawaka. Nusu saa baadaye wamama wa fellowship wakafika kwa Auntie.

"Wewe, wacha hiyo mashetani yako," Auntie akasema. "Enda kwa Mama Njeri ulete viti. Wageni watakaa wapi?"

Nikaenda. Viti vya plastiki thelathini, safari sita. Nikirudi mara ya mwisho, TV inaonyesha kwaya na wamama wanapiga makofi. Nikadhani series imeisha ndio Auntie akabadilisha. Taa nyekundu bado inawaka. Nikatoa kanda, mbio Woodley.

Wenye dishi enzi hizo mmeshajua. Deki ilirekodi kile dikoda inaonyesha. Rimoti ikiguswa tu, umekwisha.

Sebule ya Baba Achieng ilikuwa imejaa. Captain amesimama mlangoni mwa chombo, begi mkononi, machozi yanamlenga. Anafungua mdomo...

Kwaya. Mavazi ya zambarau, "Haleluya" ya sauti nne.

Hakuna aliyecheka. Baba Achieng akanigeukia polepole. "Lakini wewe uliona?"

Wakuu, niliona viti. Lakini Achieng alikuwa amesimama pale na sinia ya chai, na niliona haya sana.

"Niliona," nikasema. "Hakuenda, na hakubaki peke yake. Aliita watoto. Chombo kikawaleta, sasa wanaishi wote pale station."

Mzee akaguna, "Eeh. Hiyo ni akili."

Nilienda kulala nikijiona shujaa.

Mwisho wa mwezi lori likaja. Vitanda, kabati, sufuria, kila kitu kikapanda. Achieng akaniaga akiwa amekasirika kabisa, ameacha marafiki wote.

"Baba anasema ati hata captain aliita watoto wake," akaniambia. "Captain gani huyo?"

Roho iliniuma, na mwenye makosa ni mimi.

Baadaye chaneli ikarudia season yote. Nikatazama nimekaa juu ya rimoti. Captain alibaki. Peke yake. Akawatumia watoto ujumbe kwamba atakuja likizo.

Yaani ningepeleka kanda nzima, Achieng angebaki Woodley.

Juzi Baba Achieng alinipigia. Amestaafu, na Achieng ana watoto watatu na mume mwalimu hukohuko. Akasema kuhama na familia ndilo jambo la maana zaidi aliwahi kufanya. Kisha akauliza, "Ile series waliendelea nayo?"

"Hapana mzee," nikajibu. "Iliishia pale watoto walipofika."

Nilichojifunza: tazama kanda kabla ya kuibeba, na ukidanganya kuhusu series, uliza kwanza nani anapanga maisha yake nayo.

Wenye waliona finale hiyo, karibuni tuongee. Lakini mkijua mzee yeyote wa Kitale yumo humu, nyamazeni kidogo.