Meza za Sakafu-Yenu

Jina halisi la fundi seremala huyu mkewe alilitumia akikasirika tu. Mtaa mzima ulimwita Sakafu-Yenu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukinunua meza kwake, ukafika nayo nyumbani ikacheza, ukamwita, anakuja mbio, anapiga goti, anafumba jicho moja, anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, kisha anatamka: "Meza haina neno. Sakafu yenu ndiyo mbovu."

Miaka ishirini na miwili, jamani! Kila nyumba ilikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa chini ya mguu wa meza, na watu wazima na akili zao wakaamini wanaishi juu ya sakafu mbovu.

Sasa, nyingi ya sakafu hizo zilimwagwa na mwashi mmoja, naye ni kaka wa mke wa Sakafu-Yenu. Kila meza ikicheza, jina la shemeji mtu linachafuka. Mwashi alivumilia weee, siku moja akasema basi, na hakukanyaga tena nyumbani kwa dada yake. Sasa ulikuwa mwaka wa sita hajaonekana. Dada alikuwa akipakua chakula anautazama mlango, maana ndugu ni huyo huyo mmoja, hana mwingine.

Asubuhi moja chai ikamwagika tena kwenye meza ya nyumbani. Mama wa watu akachoka. Akaokota gololi ya mjukuu, akaiweka sakafuni. Ikatulia tuli. Akaijaribu kwenye kona, mlangoni, katikati: tuli. Akaifumbata mkononi, huyoo, hadi karakana.

"Baba watoto, miguu ya meza unaikatia wapi?"

"Hapo chini ya dirisha, kwenye mwanga. Siku zote. Kwani vipi?"

"Na sakafu hii alimwaga nani?"

"Mimi mwenyewe!" Akajipiga kifua.

Mkewe akaiweka gololi chini ya dirisha. Ikasita kidogo, ikakata kushoto, ikaingia kwenye kibonde na kutulia humo. Pale pale ndipo mguu mmoja wa kila meza ulipokuwa unasimama, ukiachwa mrefu kuliko wenzake.

"Labda gololi ndiyo mbovu," alisema Sakafu-Yenu.

Mkewe machozi yalimlenga, na hapo fundi akavua kofia. Aliona aibu, aibu ya kweli. Siku ile ile alikwenda kwa shemeji yake, kofia mkononi.

"Shem, nimekukosea. Sakafu zako nzima, yangu ndiyo mbovu. Njoo uimwage upya, nakuomba."

Mwashi alimzungusha wiki mbili, na alikuwa na haki, kisha akaja. Alipokiona kile kibonde alicheka mpaka akakaa chini. Akamwaga sakafu ikalala sawasawa, na Jumapili akaenda kula kwa dada yake, akaongeza sahani mara tatu.

Meza ya kwanza kutoka kwenye sakafu mpya, Sakafu-Yenu aliibeba mwenyewe kumpelekea shemeji yake zawadi. Wakaiweka sebuleni. Ikacheza.

Sakafu-Yenu akapiga goti, akafumba jicho kwa mazoea, akafungua mdomo, akaufunga. Akatoa gololi mfukoni, akaiweka chini taratibu. Gololi ikakimbilia uvunguni mwa kabati.

Mwashi aliiona, uso ukamshuka. "Hii niliimwaga harakaharaka, wiki ya harusi yangu," alinong'ona. "Shem, usinivunjie heshima."

"Haya, ina nini tena?" mke wa mwashi aliuliza kutoka jikoni.

Kwa mara ya kwanza maishani, Sakafu-Yenu alikuwa na haki ya kulisema neno lake. Lilimwasha ulimini. Akakunja kipande cha boksi, akakipachika chini ya mguu.

"Ni meza, shemeji," alijibu. "Meza yangu ndiyo mbovu."