Upepo Ulioketi

Msimu ule wa kuanika tumbaku, ukungu wa mlima Sumbing ulishuka mapema, na karibu kila mgongo kijijini ulikuwa na michirizi myekundu. Aliyeingiwa na upepo, yaani aliyeshikwa na baridi na maumivu ya mwili, alilazwa kifudifudi, akapakwa mafuta ya nazi yenye kitunguu, kisha akakwanguliwa kwa ukingo wa sarafu mpaka ngozi ikaiva. Wekundu ukikolea, upepo unatoka. Wagiyem alikuwa bado binti mdogo bibi yake alipomkabidhi sarafu, na mgongo wa kwanza aliokwangua ulikuwa wa baba yake.

Baba alilalamika kwamba kifua kinambana. "Upepo umeketi," bibi akaamua. Ndivyo walivyoyaita maumivu ya kifua yasiyobanduka. "Kaza mkono, mjukuu wangu." Mgongo ukaiva kama pilipili, wote wakafurahi, na baba akafa kabla chai yake haijapoa.

Hakuna aliyemlaumu Wagiyem. Alikua, akaolewa na Paiman, mwalimu wa voliboli, na wachezaji wakamletea mabega na misuli yao iliyokakamaa. Lakini hakuugusa mgongo wowote kabla ya kuuliza habari za kifua. Vijana wakamwita Mama Polisi.

Alasiri moja Paiman alirudi kutoka uwanjani akijisugua bega la kushoto.

"Nikwangue, mke wangu. Leo nimepiga mipira kama kijana."

"Kijana wa enzi zipi?"

Akacheka, akavua shati. Wagiyem alipompaka mafuta, alihisi ngozi imelowa jasho na ni baridi kama jani la mgomba alfajiri. Akabonyeza bega. Msuli ulikuwa laini, hauna fundo hata moja.

"Maumivu yanakwenda wapi?"

"Mkononi. Na huku tayani kidogo. Upepo tu umeketi, we kwangua."

Wagiyem akalisikia neno lile la bibi yake. Akaiweka sarafu chini.

"Sikukwangui. Vaa shati."

"Basi nikaombe kwa jirani? Watu watasema mume wa mkwanguaji hana wa kumkwangua."

"Waseme."

Alijua kwamba kama angeikwangua ngozi ile, ingeiva, naye Paiman angesikia nafuu, akalala. Hiyo nafuu ndiyo aliyoiogopa kuliko kitu chochote. Akatoka mbio hadi kwa jirani yao Tukijan, aliyekuwa akipakia kabichi kwenye gari lake.

"Dada, sokoni wananingoja."

"Watangoja. Tupeleke hospitali, kaka yangu, nakuomba."

Paiman akaketi juu ya kabichi, akinung'unika kwamba ametiwa aibu. Kila kona ya mlima alizidi kunyamaza. Wagiyem alimshika mkono, akiitazama midomo yake ikibadilika rangi, akimwona baba yake. Hospitalini muuguzi alimbandika nyaya kifuani, akasoma karatasi, kisha akaondoka akikimbia. Wagiyem akaketi sakafuni.

Mshipa wa moyo ndio uliokuwa umeziba. Paiman alipona, ingawa hakupiga tena mpira, na kwa muda mrefu hakumtania mkewe.

Habari za mwisho za Wagiyem zinasema alikuwa kando ya uwanja, amekwisha kuwa mzee. Alimuuliza mchezaji mmoja kama kifua kinambana. Kijana alisema hapana. Wagiyem akamgusa paji la uso, akalikuta kavu na lenye joto, akamkwangua shavu la mguu, akaifuta sarafu kwa pindo la nguo yake, akaenda nyumbani.