Waru za Kivuti Kwa Mlima

Kivuti ni mtu wa Siakago, na hiyo ndiyo kitu ya kwanza watu wa huku juu wanamchekea. Ati mtu wa kwa joto anatafuta nini kwa baridi. Ati huko kwao ni mbuzi pekee wanajua rangi ya majani. Mimi nikisikia hiyo maneno damu inapanda, kwa sababu huyo mzee amepanda hii mlima kuliko hao wote wanacheka wakiwa wameegemea ukuta wa bucha.

Kazi yake ni kupika. Wageni wakitaka kutembea mlimani kutokea upande wa Embu, Marcella ndiye kiongozi wao, sisi mapota tunabeba mahema na chakula, na Kivuti anabeba jikoni. Jikoni ni mtungi wa gesi, sufuria, sahani na ile ndoo ya mfuniko. Hakuna kukata kuni, hakuna kuwasha moto. Na hiyo ndoo ndiyo sheria ya Marcella: kila kitu tumepanda nacho kinashuka na sisi. Maganda ya karoti, majani ya chai, hadi mfupa. Ukitupa ganda la ndizi kwa nyasi anakurudisha uliokote mbele ya wageni, na wewe ni mtu mzima na ndevu.

Kivuti hakuwa amewahi kukosana na hiyo ndoo. Shida yake ilikuwa goti. Akishuka na mzigo utamwona anaweka mguu kando kama anajaribu maji ya moto. Marcella aliona, akamwambia hii safari ya mwezi wa nane ikienda vizuri atampitisha awe kiongozi msaidizi. Kiongozi anabeba mkoba wake tu na anaongea na wageni, na Kivuti kuongea anajua. Akikosa hiyo nafasi na goti likakataa kabisa, ni arudi kule chini Kiritiri kupakia malori mchanga na koleo. Hiyo kazi aliifanya akiwa kijana. Sasa ingemmaliza.

Basi tukaenda. Wageni walikuwa kina mama wa ofisi kutoka Embu mjini, wengi wanaishi ule mtaa wa Dallas huko huko Embu, na mkubwa wao alikuwa Gatakaa, mama wa Meru aliyeolewa Embu, mwenye kicheko cha kufukuza ndege kwa miti. Tulitembea msituni polepole. Kivuti alikuwa anawaonyesha miti bila kuulizwa, na mimi nikajua tayari anajifunza ile kazi mpya.

Kambi yetu ya kwanza iko pahali mianzi inaanzia. Kufika hapo tukasimama. Chini kulikuwa kumechimbwa kama shamba, mashimo kila mahali, na mavi ya ndovu bado inatoa mvuke. Hapo nyuma ya mti ulioanguka, ndiyo kuliharibiwa zaidi.

"Nani aliacha chakula hapa?" Marcella akauliza. Hakupaza sauti. Huyo mama akikasirika sauti yake inashuka.

Macho yote yakaenda kwa Njura, pota mwenzangu, kwa sababu kuna wakati alipatikana ametupa gunzi la mahindi kwa kichaka.

"Msiniangalie mimi," Njura akasema. "Ile ilikuwa gunzi moja na nilirudi nikalitoa."

"Ndovu gani anachimba hivi juu ya gunzi?" nikauliza.

"Wewe nyamaza," Marcella akaniambia. "Njura, toa mzigo. Huyu wakili wako atakusindikiza mpaka kwa geti kabla giza. Safari zangu umemaliza."

Nilikuwa nishafungua mdomo nimjibu vibaya. Njura alikuwa anakunja vitu vyake, kijana ana mtoto mchanga nyumbani. Kivuti alikuwa ameketi kwa jiwe anamenya karoti, maganda yanaanguka kwa ndoo moja moja. Akaweka kisu chini.

"Mama Joyline," akamwambia Marcella, "huyo kijana hajafanya kitu. Ni mimi."

"Ulitupa chakula, Baba Ruguru? Wewe?"

"Sikutupa. Nilipanda."

"Ulipanda nini?"

"Waru."

Viazi, huku mlimani. Gatakaa akajifunika mdomo na kofia. Marcella akakaa chini kwa mzigo wa hema kama mtu amechoka ghafla.

"Wakati wa ile mvua ndefu," Kivuti akasema, "waru ilimea ndani ya gunia. Ilikuwa imetoa macho hivi. Sasa hiyo si takataka, hiyo ni mbegu. Mama, mimi kwetu nimeona mvua ikinyesha na watu hawana mbegu ya kuweka chini. Ningeweka mbegu kwa ndoo na mafuta ya sufuria? Na huu mchanga ni mweusi, uko tu, hauna mwenyewe. Nikaiweka hapo nyuma ipumzike."

"Ipumzike."

"Halafu ikashika. Mwezi wa sita nikapata imetoa majani, nikaivutia mchanga kidogo."

"Ukapalilia."

"Kidogo."

"Na ilikuwa inafanya vizuri?" Gatakaa akauliza.

"Gatakaa, tafadhali," Marcella akasema.

"Nauliza tu."

"Vizuri sana," Kivuti akasema. "Na sikuweka mbolea."

Hapo hata Njura alicheka. Marcella hakucheka. Akamwambia Kivuti pole pole, kama mtu anaongea na kaka yake, kwamba ndovu akionja mahali anarudi, na hawa kina mama wangelala hapo hapo, kitambaa cha hema tu ndiyo kiko katikati. Kivuti akaangalia kina mama. Akaangalia mashimo.

"Hiyo sikufikiria," akasema. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo.

Ikabidi tutoe zote zilizobaki, hata ile ndogo kama kidole, kwa sababu ukiacha moja inamea tena. Marcella akaweka mtu wa kuangalia msitu na akasema wageni wapumzike kando. Wapi. Hao kina mama wote wamezaliwa kwa shamba. Gatakaa alipiga magoti na suruali yake mpya, akaanza kuchana mchanga na vidole vile waru inatafutwanga, na kucha zake zimepakwa rangi. Wengine wakamfuata. Mwishowe Marcella mwenyewe akapiga magoti. Tulipomaliza, Kivuti akasawazisha mchanga na viganja na akarudisha majani makavu juu yake.

Tuliamua kuhamia juu, pahali wazi, kabla jua kuzama. Marcella akamwita Kivuti kando, lakini sisi wote tulisikia.

"Kiongozi msimu huu siwezi kukupitisha. Njura nilitaka kumfukuza juu yako. Wewe nikikupandisha cheo, nitawaangalia aje hawa?"

"Lakini si amesema mwenyewe?" nikamwambia. "Angenyamaza, si Njura angeenda?"

"Ndiyo maana bado ako na kazi. Beba hema."

Kivuti alisema tu sawa mama. Akainama ashike mtungi wa gesi, na akapata haupo. Njura alikuwa ameshaubeba, juu ya mzigo wake mwenyewe, na anapanda bila kuangalia nyuma. Mimi nikachukua sufuria. Kivuti akabaki na ndoo na kifuko tulichotilia zile waru, na hicho hakukubali mtu amsaidie mpaka tulipokuwa tumeshuka kabisa.

Alizipeleka Siakago. Bibi yake Ciakuthii alizipanda kwa gunia mlangoni, akawa anazimwagilia maji ya kuosha vyombo. Zilitoka ndogo kama zile bano watoto wanachezea. Alizichemsha na maganda, akamfungia Kivuti aje nazo kazini, na tulizila sisi watatu kwa geti na chumvi. Njura akasema ni tamu. Alikuwa anadanganya na hakuna mtu alimpinga.

Hiyo nafasi ya kiongozi bado hajapata. Anapika, na mtungi Njura ndiye anabeba kila safari, hakuna mtu alimwambia. Lakini tukifika pale kwa mianzi, kabla chai, Kivuti anaweka ndoo chini na kuzunguka nyuma ya ule mti, ameinama, anaangalia mchanga. Siku moja nilimfuata. Kuna moja ilikuwa imebaki, imechomoza jani dogo. Aliing'oa taratibu, akafukia shimo, akaipangusa kwa suruali.

"Si uweke kwa ndoo," nikamwambia.

Akaniangalia kama nimetukana mtu. Akaiweka mfukoni mwa shati, akafunga kifungo, akaenda kuwasha gesi.