Tawi Nyuma ya Baiskeli

Kwa miaka mingi mume wangu ndiye aliyetangulia. Tukitoka mtaani kwetu Kimumu alfajiri na baiskeli zetu, kazi yangu ilikuwa kutazama mgongo wake na kulalamika. Yeye ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa upande wa Sugoi, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: barabara za zamani za jeshi. Akisikia kwamba mahali fulani milimani kuna njia iliyochongwa wakati wa vita, ambayo siku hizi inapitiwa na kondoo tu, hatulii mpaka aione. Mimi nina duka la chakula cha mifugo. Kwetu walihamia huku kutoka Nyeri, na mama yangu alipoambiwa kwamba naolewa na Mkalenjin alinyamaza tu. Aliposikia kwamba huyo Mkalenjin amenipandisha baiskeli, ndipo aliposema nimepotea.

Namwita Mwalimu, kama wateja wangu wanavyomwita. Kutoka kwake nimejifunza mambo kuhusu barabara hizi bila kuyatafuta. Najua kwamba hazipandi kwa pupa, kwa sababu malori ya wakati ule hayakuwa na nguvu. Zinazungukazunguka mlima taratibu, na upande wa bonde zimezuiwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Najua pia kwamba kuta hizo zimeanza kubomoka, na panapobomoka hakuna anayekuja kukarabati.

Mwaka jana macho yake yalianza kwisha. Si mtoto wa jicho, ambaye mtu hutolewa akarudi nyumbani. Ni presha ya macho, na daktari mjini alimweleza waziwazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kuona kwake kunaliwa kutoka pembeni kuelekea katikati. Alipewa matone ya kupunguza kasi ya ugonjwa, tukarudi nyumbani, akapika chai mwenyewe na kunipa masharti. Watoto wasiambiwe. Na mimi nisimwulize chochote.

“Siku barabara itakaponipotea nitasema mwenyewe,” alisema. “Usiniulize.”

Nikakubali, kwa sababu ninamjua. Ukimwuliza mara mbili anajifunga kama duka la Jumapili. Sikutaka aache baiskeli. Akiiacha sijui atakuwa nani. Nilitaka tu aseme kabla ukingo wa barabara haujamsemea.

Tangu siku hiyo akaanza kutaka mimi nitangulie. Alisema magoti yake yamechoka kuvuta. Niliitikia, nikatangulia, na kila kona nilikuwa nikisikiliza nyuma.

Ilibaki barabara moja aliyokuwa ameiweka kiporo. Iko juu Cherangani. Inateremka kutoka mgongo wa mlima mpaka kijito, kisha inapanda ng’ambo hadi kwenye pengo kati ya vilima viwili. Alitaka kusimama kwenye pengo hilo. Mvua zilipopungua tukapata pikapu ya mchuuzi wa viazi iliyokuwa ikienda kupakia, tukafunga baiskeli nyuma, tukapita Iten, tukapanda mpaka mahali ambapo pumzi inakuwa fupi na watu wanavaa makoti mchana.

Pale juu tulimkuta mwanamume akifunga mbao kwenye baiskeli yake. Nyuma ya gurudumu alikuwa amefunga tawi bichi lenye majani, ndilo breki yake. Wote wanaoshusha mizigo kwenye barabara ile hufanya hivyo: tawi linakwaruza chini na kuizuia baiskeli isikimbie, na likifika kijitoni linaachwa pale, likawa kuni za nyumba iliyo karibu na daraja. Aliziangalia breki zangu akacheka. Nilimwelewa, kwani mpira wa breki hizo zangu ulikuwa umelika hadi chuma. Akanikatia tawi, akalifunga kwa kamba ya katani. Baiskeli ya Mwalimu ilikuwa na breki nzuri, zawadi ya kijana wetu, kwa hiyo yeye hakuhitaji.

Tukaanza kushuka, mimi mbele. Tawi lilipiga kelele kama mtu anayefagia uwanja wa mawe. Mwanzoni lilinikera. Halafu nikagundua kwamba Mwalimu anateremka vizuri kuliko alivyofanya kwa miezi kadhaa. Palipokuwa na kivuli cha mianzi hakusita. Palipokuwa na ukuta uliobomoka, penye shimo la kumeza ng’ombe, alipita mle mle nilimopita. Niliona fahari, nikajiambia labda matone yameanza kufanya kazi. Mtu akitaka kudanganyika hakosi msaada.

Baada ya kona moja kamba ilifunguka na tawi likabaki njiani. Sikujua mara moja. Nilichosikia ni ukimya, kisha breki zake, kisha sauti yake.

“Uko wapi?”

Nikageuka. Alikuwa amesimama na mguu mmoja chini, penye barabara iliyonyooka, pana, bila ukungu wala kivuli. Mimi nilikuwa mbele yake, pembeni kidogo, karibu kiasi kwamba ningeweza kumrushia chungwa akalidaka. Nilikuwa nimevaa sweta nyekundu. Alikuwa anageuza kichwa polepole, kulia na kushoto, akinitafuta.

“Niko hapa,” nikasema.

Akatabasamu kuelekea sauti, akasema alidhani nimemwacha. Nikarudi kulichukua tawi. Nikaifunga tena ile kamba, fundo juu ya fundo. Niliogopa, kisha nikakasirika, na hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nilimkasirikia kwa kunifanya mlinzi wa siri ambayo ingeweza kumwua mbele ya macho yangu. Lakini nilikuwa nimeahidi. Nikapanda baiskeli, nikashuka polepole, nikihakikisha tawi linagusa mawe wakati wote.

Kijitoni kulikuwa na daraja la mawe la hao hao wanajeshi waliochonga barabara, bado imara. Mwalimu aliligusa kwa kiganja, akalisifu. Kando yake palikuwa na rundo la matawi yaliyoachwa na walioshuka, na mama mmoja mzee wa nyumba ile alikuwa akiyachambua, makavu huku, mabichi kule. Tukamsalimia. Akatupa uji wa wimbi, tukaunywa tumesimama. Ng’ambo barabara ilianza kupanda kuelekea pengo, na kutoka pale tuliliona wazi. Niseme, mimi niliona. Mwalimu alitazama upande ule na kuniuliza kama kuna ukungu.

Nikamwambia hakuna.

Nikainama nifungue kamba ili nimwachie yule mama kuni yake, kama ilivyo desturi. Hapo nikasikia Mwalimu anasema, kwa sauti ya chini, niliache.

“Tunapanda sasa,” nikasema.

“Najua. Liache tu.”

Yule mama alisikia. Alikuja na mkono kiunoni, akaliangalia tawi, akaniangalia mimi.

“Mama, hiyo ni ya kushuka,” alisema. “Sasa kuni yangu unaipeleka wapi huko juu?”

Nikashika kamba nikangoja. Mwalimu alivua kofia. Alikuwa amesimama wima, kama alivyokuwa akisimama mbele ya darasa.

“Ni ya kwangu, mama,” akasema. “Macho yangu yamekwisha. Barabara siioni tena. Nafuata hiyo sauti.”

Alimwambia mtu asiyemjua, kando ya rundo la kuni, neno ambalo kwangu hakuwahi kulifikisha mdomoni. Nilidhani ningepumua siku akilisema. Nililia. Nililia waziwazi, na yeye akawa ananyoosha mkono kunitafuta mpaka akanipata begani.

Yule mama hakutupa pole. Aliinama akalishika tawi letu, akaligeuza. Mawe yalikuwa yamelimaliza, imebaki mifupa. Akalifungua mwenyewe, akalitupa upande wa makavu, akavuta jingine kutoka kwenye mabichi, nene, majani tele.

“Hiyo imechoka,” alimwambia Mwalimu. “Shika hii. Hii inapiga kelele mpaka huko juu.”

Nikalifunga nyuma ya baiskeli yangu, tukapanda. Kuvuta tawi mlimani si mchezo. Kifua kiliwaka, na vijana waliokuwa wakishuka na mizigo yao walituangalia kama watu waliorukwa na akili. Mmoja alinipigia kelele kwamba nimesahau breki. Nyuma yangu Mwalimu alikuwa akinieleza mambo ya malori na mawe, kwa sauti ya furaha, kama zamani. Nilitamani sana kusimama nivute pumzi. Lakini nikisimama tawi lingenyamaza. Nikaendelea kukanyaga.