Nilivyompa hakimu mgongo kwa heshima zote

Wakuu, habari za humu. Mimi ni nyanya wa Nyamira, nachapa kwa kidole kimoja, kwa hivyo sina nguvu ya kudanganya.

Mwanzo wa miaka ya sabini nilikuwa nimeolewa huko karibu na Keroka, kwa bwana aliyekuwa akinipiga kama analipwa. Siku aliponipasua paja kwa jembe nikasema basi, naenda kortini kuvunja hii ndoa kabla hajaniua.

Sasa hakimu. Jamani, CV yake! Darasa la nane, karani wa chifu, halafu mkalimani wa hakimu mzungu. Mzungu akafunga virago, serikali ikataka mtu anayejua mila zetu. Wakampeleka kozi ya miezi michache, akarudi na suti nzito na Kiingereza cha puani. Tukampigia vigelegele.

Shida ndogo tu: alikuwa binamu ya baba mkwe wangu. Kwetu huyo naye ni baba mkwe, na kati yetu kuna chinsoni. Kwa wageni, hiyo ni ile aibu ya heshima. Mbele yake sitaji mwili, sitaji kitanda. Paja? Afadhali ardhi inimeze.

"Mama, uliumizwa wapi?"

Kimya.

"Sema, korti inangoja."

Bwana yangu anatabasamu pale, na tai ya kuazima.

Mheshimiwa, bingwa wa mila, akaanza kuandika kwamba sina ushahidi. Na alijua vizuri sana kwa nini siongei! Hiyo ndiyo iliniuma kuliko jembe.

Nikaona nikirudi kwa ile nyumba nitatolewa maiti. Nikageuka, nikampa hakimu mgongo, nikaangalia watu, nikasema yote. Jembe, paja, damu kitandani. Wamama wakalia.

Kwa mila, kumpa mgongo ili nisitaje aibu usoni pake ni heshima. Kwa kozi yake, ni dharau. Akagonga meza: "Contempt of court!" Kesi ikatupwa, mimi nikatupwa jela wiki mbili.

Asante sana mheshimiwa. Nilipewa blanketi la chawa na simiti ya kulalia, na hakuna mtu alinipiga. Nililala, wakuu! Nililala mpaka askari akaja kuangalia kama napumua.

Siku ya kutoka, bwana alikuwa getini ananingoja. Nikampita, nikashika barabara ya Nyamira kwa mama.

Nilichojifunza: mtu anaweza kujua mila zako zote na asikuonee huruma hata kidogo.

Wanasheria wa humu, hebu niambieni: mke akilala vizuri jela kuliko kwake, huo si ushahidi?